Losheni ya Kutengeneza Nyumbani kwa Ajili ya Kuuza: Mwongozo Kamili wa Usalama na Ubora

Robo tatu ya chupa ya losheni ni maji. Kinachobaki ni mafuta, glisirini, kitu cha kuyashikamanisha mafuta na maji, na tone la manukato. Bakteria na ukungu hawahitaji zaidi ya hapo: maji wanayo, chakula wanacho, joto la Dar es Salaam au Mombasa wanalo, na kila siku mteja anawaletea wenzao kwa vidole vyake. Ndiyo maana losheni iliyopikwa vizuri, inayonukia na kupendeza, inaweza kuharibika wiki ya tatu ikiwa kwenye rafu ya duka. Kazi kubwa ya mtengenezaji ni kuyalinda hayo maji. Harufu, rangi na chupa nzuri vinafuata nyuma.

Hapa tunafuata bechi moja ya kilo 1, tangu kuchagua maji hadi kubandika lebo. Vipimo vyote ni vya uzito, hata vya maji. Kijiko na kikombe viache kwa mapishi ya pilau.

Kama ndiyo unaanza, anza na mafuta matupu

Bidhaa isiyo na maji kabisa haihitaji kihifadhi (dawa ya kuzuia vijidudu), kwa sababu vijidudu havizaliani kwenye mafuta makavu. Gramu 70 za siagi ya shea, 20 za mafuta ya alizeti na 10 za nta ya nyuki zinatoa mafuta ya kujipaka mazuri tu. Kwenye joto la pwani ongeza nta ifike gramu 15 na upunguze alizeti ziwe 15, la sivyo yatakuwa uji ndani ya kopo. Mafuta ya nazi yasikudanganye: yanayeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi, kwa hiyo yanayoganda vizuri Arusha hayataganda Tanga.

Kasoro inayolalamikiwa zaidi hapa ni chengachenga kama sukari. Hutokea siagi ya shea inapopoa polepole. Yeyusha upya, kisha weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi na ukoroge mpaka mchanganyiko uanze kuwa mzito, ndipo umimine. Makopo yawe makavu kabisa. Tone moja la maji chini ya mfuniko linatosha kuotesha ukungu.

Ukishazoea kupima, kusafisha na kuandika kumbukumbu, njoo kwenye losheni.

Maji

Maji ya kisima mara nyingi yana chokaa na chuma. Chokaa huisumbua losheni isishikamane, na chuma huharakisha mafuta kuchacha. Kuyachemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi madini yote. Yanayobaki yanazidi kukolea, kwa kuwa sehemu ya maji imepotea kwa mvuke. Nunua maji yaliyokenekwa (distilled) kwa wauzaji wa vifaa vya maabara au famasi, na chupa ukishaifungua itumie ndani ya siku chache.

Maji ya betri ya kituo cha mafuta usiyaguse. Neno hilo sokoni hutumika kwa maji yasiyo na madini na kwa asidi ya betri pia, na hakuna losheni inayostahili bahati nasibu hiyo.

Maji ya waridi, maji ya mchele, utomvu wa shubiri uliokamuliwa nyumbani, juisi ya tango: vyote hivi ni maji yenye chakula cha ziada cha bakteria. Mteja anavipenda kwenye lebo, lakini vinaongeza mzigo wa kihifadhi mara nyingi. Bechi zako za mwanzo zisiwe navyo.

Kihifadhi, mahali wengi wanapoharibu

Kuna imani nne zilizoenea, na zote zinaharibu losheni.

Ya kwanza ni vitamini E. Hiyo inazuia mafuta yasichache, basi. Bakteria haiwagusi.

Ya pili ni mafuta ya mkaratusi, mchaichai au karafuu. Kwa kiasi ambacho ngozi inaweza kukivumilia hayatoshi kuhifadhi, na kwa kiasi ambacho huenda kikatosha yanaunguza.

Ya tatu ni dondoo ya mbegu za balungi, inayouzwa kama kihifadhi cha asili. Watafiti walipoyapima madawa hayo ya dukani, mara nyingi nguvu ya kuua vijidudu ilitokana na kemikali za viwandani zilizokuwamo, kama benzethonium chloride, wala si balungi.

Ya nne ndiyo mbaya kuliko zote: kutumia kihifadhi cha sabuni ya maji. Maduka yanayouza malighafi za sabuni kama sulfoniki, ungerol na soda ash huuza pia formalini, na anayetengeneza sabuni na losheni kwenye chumba kimoja huona hakuna haja ya kununua dawa mbili. Sabuni inasuuzwa baada ya dakika moja. Losheni inakaa mwilini mchana kutwa. Formalini huchochea mzio wa ngozi na ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani. Hata kwenye kundi la isothiazolinone, lenye vihifadhi vinavyokubalika kwenye bidhaa za kusuuza, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku methylisothiazolinone kwenye bidhaa za kubaki mwilini kwa sababu ya wimbi la mzio.

Kinachofaa kwa mtengenezaji mdogo ni mchanganyiko wa phenoxyethanol na ethylhexylglycerin. Ni kimiminika, kinafanya kazi kwenye pH nyingi (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unapanda), na hakihitaji joto. Kiasi chake ni asilimia 1 ya bechi nzima, yaani gramu 10 kwa kilo. Usiongeze ziwe 20 ukidhani unajihami: kwa sheria za Ulaya phenoxyethanol haipiti asilimia 1, na kuzidisha kunawasha ngozi. Wala usipunguze ziwe 5 kwa kubana gharama. Sodium benzoate ni ya bei nafuu zaidi, lakini inafanya kazi kwenye pH iliyo chini ya 5 tu. Losheni yenye pH 6 iliyowekewa benzoate ni kama haikuwekewa kitu.

Nunua kwa muuzaji anayekupa karatasi ya uchambuzi yenye jina la kemikali, namba ya bechi na tarehe ya mwisho. Chupa ya plastiki iliyoandikwa kwa kalamu "preservative" haina maana yoyote. Huenda ndiyo ile formalini.

Vipimo vya kilo 1

Sehemu ya maji:
- maji yaliyokenekwa, gramu 759
- glisirini, gramu 40
- disodium EDTA, gramu 1

Sehemu ya mafuta:
- mafuta ya alizeti yaliyosafishwa, gramu 80
- siagi ya shea, gramu 40
- nta ya emulsifaya, gramu 50
- cetyl alcohol, gramu 10

Baada ya kupoa:
- kihifadhi, gramu 10
- vitamini E, gramu 5
- manukato ya vipodozi, gramu 5

Nta ya emulsifaya ndiyo inayoshikamanisha mafuta na maji. Nta ya nyuki haifanyi kazi hiyo peke yake, wala nta ya mishumaa. Anayeibadilisha kwa sababu jina linafanana ataamka asubuhi akute maji chini na mafuta juu. Cetyl alcohol si pombe ya kuleweshea wala ya kukausha ngozi. Ni chenga nyeupe za mafuta zinazoipa losheni uzito. Ukitaka iwe nyepesi ipite kwenye pampu, punguza hiyo, usipunguze emulsifaya. EDTA inafunga madini yaliyosalia, na hapo kihifadhi kinafanya kazi vizuri zaidi.

Unahitaji mizani ya digitali inayosoma gramu 0.1. Ile ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima haiwezi kupima gramu 1 ya EDTA kwa uhakika. Kipimajoto, karatasi za pH zenye rangi za kusoma kati ya 4 na 7, blenda ya mkono, na sufuria mbili za chuma cha pua. Aluminiamu na mwiko wa mbao vibaki jikoni. Mbao ina vinyweleo na haisafishiki.

Usafi wa kabla ya kuanza

Osha vyombo vyote kwa sabuni na maji ya moto, suuza, vikauke. Kisha nyunyizia spiriti ya asilimia 70 na uache ikauke yenyewe bila kufuta. Spiriti ya asilimia 96 haiui vizuri kama ya 70, kwa kuwa inayeyuka hewani haraka mno na inahitaji maji ili ipenye kwenye kijidudu. Pima mililita 73 za ile ya 96, ongeza maji yaliyokenekwa mpaka ifike mililita 100. Fanya hivi mbali na moto.

Chupa na mifuniko, hata mipya, nayo ipitie spiriti. Chupa zilizotumika za soda au za losheni za zamani usizitumie hata zikiogeshwa namna gani: shingo na pampu hazifikiwi na brashi. Funga nywele, vaa glavu, na feni izimwe, maana inapuliza vumbi moja kwa moja kwenye sufuria. Mwenye jeraha mkononi au anayeumwa tumbo asipike siku hiyo.

Kupika

1. Pima sufuria ya maji ikiwa na maji, glisirini na EDTA, na uandike uzito wake pamoja na chombo. Utauhitaji.

2. Weka sufuria zote mbili, ya maji na ya mafuta, ndani ya maji ya moto, si juu ya moto moja kwa moja. Zifike nyuzi 70 hadi 75 na zikae hapo dakika 20. Muda huu unayeyusha nta sawasawa na kuua vijidudu vingi. Mbegu sugu za baadhi ya bakteria hazifi hapo, ndiyo sababu kihifadhi hakiepukiki.

3. Pima tena sufuria ya maji. Ikiwa imepungua gramu 30, rudishia gramu 30 za maji yaliyokenekwa ya moto. Wengi hulipuuza hili, halafu wanashangaa bechi moja nzito na nyingine nyepesi.

4. Hakikisha sufuria zote ziko kwenye joto moja, tofauti isizidi nyuzi 5. Mimina mafuta kwenye maji taratibu huku blenda ikizunguka chini, kichwa chake kikiwa kimezama chote ili kisivute hewa. Saga dakika 2, pumzisha dakika 3, rudia mara tatu. Mchanganyiko utageuka mweupe kama maziwa.

5. Acha blenda, koroga kwa mkono wakati inapoa. Usiiweke kwenye friji kuharakisha.

6. Ikifika chini ya nyuzi 40, weka kihifadhi, koroga dakika 2, kisha vitamini E, kisha manukato. Manukato yakiwekwa kwenye moto yanaruka yote na fedha yako nayo.

7. Pima pH. Chukua gramu 1 ya losheni, ichanganye na gramu 9 za maji yaliyokenekwa, chovya karatasi. Inayotakiwa ni 5 hadi 5.5, karibu na ngozi yenyewe. Ikiwa juu, weka tone kwa tone maji ya asidi ya sitriki, gramu 10 za asidi hiyo kwa 90 za maji, ukikoroga na kupima kila baada ya matone matano. Maji ya ndimu hayachukui nafasi ya sitriki.

8. Funika kwa kitambaa kisafi kilichonyunyiziwa spiriti mpaka ipoe kabisa, ndipo ujaze. Losheni ikijazwa ya moto hutoa jasho chini ya mfuniko, na jasho hilo ni maji yasiyo na kihifadhi. Ukungu unaoonekana kwenye mfuniko tu, na si kwenye losheni, karibu kila mara umeanzia hapo.

Losheni inaendelea kuwa nzito kwa saa 24. Usiihukumu ikiwa bado vuguvugu. Ukiweza, tumia chupa ya pampu badala ya kopo la mdomo mpana. Vidole visivyoingia havileti kitu.

Ikiharibika, soma dalili

Kutengana ndani ya saa chache: joto la sufuria mbili lilitofautiana, au emulsifaya ni chache. Iwe angalau robo ya uzito wa mafuta uliyoweka. Unaweza kuipasha tena ifike nyuzi 70 na kusaga upya, lakini hapo huna tena uhakika na kihifadhi wala manukato, kwa hiyo bechi hiyo itumie kujifunzia.

Kutengana baada ya wiki mbili au tatu, hasa ikiwa pamoja na kulainika na pH kushuka au kupanda, mara nyingi ni kazi ya vijidudu. Hiyo haikarabatiwi. Mwaga.

Michirizi myeupe inayokataa kuingia kwenye ngozi hutokana na cetyl alcohol au nta kuzidi. Mapovu madogo ni hewa ya blenda. Harufu ya rangi ya zamani au karanga za mwaka juzi ni mafuta yaliyochacha: mafuta yalikuwa ya zamani tangu dukani, au chupa zilikaa juani. Harufu ya uchachu wa togwa ni vijidudu.

Kupima kabla ya kuuza

Macho hayatoshi. Losheni inaweza kubeba mamilioni ya bakteria na bado ikawa nyeupe na yenye kunukia.

Toka kila bechi ya majaribio jaza chupa nne za aina ile ile utakayouzia. Moja iwe kabatini, moja kwenye friji, moja mahali pa joto la nyuzi 40 hivi. Zikague wiki ya 1, 2, 4, 8 na 12: rangi, harufu, uzito wa chupa, pH, na kama plastiki imelegea. Chupa ya nne igandishe saa 24 na uiyeyushe saa 24, mara tatu. Losheni dhaifu itaachana.

Kisha peleka maabara. Omba hesabu ya jumla ya bakteria, chachu na ukungu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 17516 kinataka visizidi 1,000 kwa gramu kwa bidhaa za kawaida, na 100 kwa zile za watoto walio chini ya miaka mitatu na za kupaka kuzunguka macho. Vijidudu vinne havitakiwi kuwapo kabisa: Escherichia coli, Pseudomonas aeruginosa, Staphylococcus aureus na Candida albicans. Pseudomonas ndiyo ya kuogopwa zaidi kwenye losheni, kwa sababu inapenda maji na inaweza kupofusha jicho lenye mchubuko. Ukipata fedha, omba pia jaribio la ISO 11930, ambapo losheni inaambukizwa makusudi na kufuatiliwa kwa siku 28 kuona kama kihifadhi kinaua. Hilo ndilo linalokwambia bidhaa itakuwaje ikiwa mikononi mwa mteja.

Bila majibu hayo usiandike miaka miwili kwenye lebo. Miezi sita inatosha kwa kuanzia.

Mteja mpya mshauri ajipake kidogo ndani ya kiwiko na asubiri saa 48. Ngozi ikiwasha au kuwa nyekundu, asiendelee.

Visivyoingia kwenye sufuria

Wateja watakuomba "iwe inang'arisha". Hapo ndipo losheni inapogeuka mkorogo. Muuzaji anachanganya krimu ya hospitali yenye dawa za steroidi kama clobetasol au betamethasone, na ngozi inapendeza wiki tatu. Baadaye inakuwa nyembamba, inachanika mistari, inaota chunusi na haikubali kuachishwa. Hydroquinone, kemikali nyingine ya kung'arisha ngozi, inaleta madoa ya bluu nyeusi usoni, ugonjwa ulioelezwa Afrika Kusini mwaka 1975 kwa watumiaji wa krimu zenye kemikali hiyo, na nchi hiyo iliipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 1990. Zebaki, inayojificha kwenye lebo kwa majina kama calomel, mercurous chloride au ammoniated mercury, inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na inamfikia mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, unaodhibiti zebaki duniani, mwanzoni uliweka kikomo cha miligramu 1 kwa kilo kwenye vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuviondoa vyote vilivyowekewa zebaki. Hakuna kiasi kidogo salama cha kuongeza "kidogo tu".

Ndimu na limau mbichi nazo zikae pembeni. Zina kemikali inayoamshwa na jua, na ngozi iliyopakwa hupata malengelenge kisha alama nyeusi za miezi. Magadi na bicarbonate vina pH ya juu mno kwa kwapa na uso.

Usidai losheni yako inakinga jua kwa sababu ina shea au mafuta ya karoti. Hata zinki oksaidi ikikorogwa nyumbani hufanya mabonge, ikaacha sehemu za ngozi bila kinga. Mwenye ualbino akiamini lebo ya namna hiyo anaweza kulipa kwa saratani. Kazi hiyo waachiwe wenye maabara, kama wale waliotengeneza Kilisun, losheni ya kukinga jua, huko Moshi.

Lebo, namba ya bechi na kibali

Lebo iwe na jina la bidhaa, viambato vyote kuanzia kilicho kingi hadi kichache, uzito halisi, namna ya kutumia, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho, namba ya bechi, jina na anwani ya mtengenezaji. Viambato andika kwa majina ya kimataifa: Aqua, Helianthus Annuus Seed Oil, Glycerin, Butyrospermum Parkii Butter. Mwenye mzio anatafuta majina hayo, na limonene na linalool kwenye manukato ni miongoni mwa yanayotafutwa.

Namba ya bechi iwe rahisi: tarehe na namba ya sufuria inatosha. Kwenye daftari, mbele ya namba hiyo, andika uzito wa kila kiambato na namba ya bechi yake toka kwa muuzaji, joto, pH, nani alipika, na chupa zilikwenda duka gani. Weka chupa mbili za kila bechi kabatini mpaka tarehe yake ya mwisho ipite.

Tanzania Bara, vipodozi vilihamishiwa TBS, shirika la viwango, mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho. Zanzibar ni ZFDA, Kenya ni KEBS, Uganda ni UNBS. Mkaguzi atataka kuona chumba kinachofungwa, kilicho mbali na choo na jiko la familia, na lile daftari.

Mteja akirudi na malalamiko, chukua chupa yake, soma namba ya bechi, fungua ile uliyoiweka kabatini na ulinganishe harufu, pH na uzito. Yake ikiwa mbovu na yako nzima, tatizo limeanzia kwenye matumizi au kwenye chupa: angalia pampu na mfuniko. Zote mbili zikiwa mbovu, piga simu maduka yaliyo kwenye daftari siku hiyo hiyo na urudishe bechi yote, hata kama zimebaki chupa nne.